Tupeane uzoefu: Unguja mpaka Pemba kwa ndege, muda wa kweli ni gani?

Mama wa Birere (Goma): Jambo bandugu. Dada yangu mukubwa aliolewa Chake Chake, muji wa kule Pemba, anataka nikuye kumuangalia. Kwa intaneti naona kutoka kiwanja cha Unguja mpaka cha Pemba ni kama kilomita 125 kwa hewa, dakika 30, basi. Mi nataka bale bamepitaka pale banieleze: tangu unatoka kwenye umelala mpaka unapiga hodi kwa ndugu, inakamata muda gani?

Yaya wa Kadutu (Bukavu): Mama, fikiria njia yetu. Kiwanja cha Goma na Kavumu, kile cha Bukavu, kwa hewa ni kama kilomita 85 tu, na mbele ya kufunga kiwanja cha Goma mwezi wa kwanza 2025 ulikuwa unapanda, unaona kisiwa cha Idjwi kule chini, na bashaanza kuteremuka. Lakini kutoka Kavumu kuingia Bukavu ni karibu kilomita 30 na ile barabara, mvua ikinyesha, ilikuwa inakula muda kuliko ndege yenyewe. Pemba una bahati, kiwanja kiko karibu na Chake, teksi haimalizi nusu saa.

Papa Katuba (Lubumbashi): Mi nachukuaka bidhaa Zanzibar na Pemba nimefika. Ndege nyingi za pale ni ndogo, ile ya injini moja, watu 12 hivi, unakaa nyuma ya rubani mpaka unaona mikono yake inageuza vibatani. Inatembea kama kilomita 300 kwa saa, kwa hiyo hizo 125 ni dakika 25 ao 30 kweli, hapo hawakudanganyi. Saa inapotelea chini. Unafika mapema, wanapima bagaji, nyingi wanaruhusu kilo 15 na wanapenda saki laini yenye inakunjika, valizi ngumu haiingii vizuri kule tumboni. Mara moja kompani moja iliacha furushi langu Unguja juu ndege ilikuwa imejaa, nikangoja mpaka kesho yake, na bidhaa ya watu iko mule. Weka vitu vya lazima kwenye saki ya mukononi, mama, hii nakuomba sana.

Mtoto wa Himbi (Goma): Kuko na meli ya usiku pia, inateremusha watu kwa bandari ya Mkoani, kule Pemba, asubuhi, halafu daladala mpaka Chake kama kilomita 30. Bei iko chini sana na hawakusumbui na kilo. Ila usifikiri ni masua ya hapa kwetu, bahari ya katikati inapiga. Kama tumbo yako ni nyepesi lipa ndege.

Mama wa Birere: Asanteni. Nitapitia Kigali, nashika ndege ya Dar. Naweza kufika Pemba siku ile ile?

Papa Katuba: Usijaribu mama. Kigali na Goma saa ni moja, lakini Tanzania wako mbele saa moja, na tike inaandikwa saa ya kule, kwa hiyo unatua ukiwa umeshapoteza saa nzima. Halafu foleni ya paspoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano (bila hiyo siye wa Kongo wanatusimamisha), halafu ndege ingine ya kwenda Unguja, hiyo ni fupi, kilomita kama 73. Lala Unguja, shika ya Pemba asubuhi, na muambie shemeji akuye kiwanjani kabisa.