Vipimo vya kisima na hatifungani: matokeo yanaruka ovyo, naomba ushauri wa tasnifu

Kalamu_Wandegeya
Wakuu, habari zenu. Niko kwenye tasnifu ya uzamili ya hisabati tumizi hapa Kampala. Nina seti mbili za data. Ya kwanza ni vipimo 16 vya ukinzani wa umeme wa ardhi kutoka Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, kwa mpango wa Schlumberger (vigingi vya nje A na B vinatuma umeme, vya ndani M na N vinasoma volti), AB/2, yaani nusu ya umbali wa A hadi B, kuanzia mita 1.5 hadi 100, mahali panapotafutwa maji ya kisima. Ya pili ni bei za hatifungani za serikali, ambazo nataka kupata kutoka kwazo riba ya kila muda.

Kwenye ardhi nimeweka matabaka 12, ukinzani na unene vyote nikiviacha huru. Hesabu inapishana na vipimo kwa asilimia 0.4 tu, ila tabaka la 5 lina ohm-mita 3 na la 6 lina 40,000. Nikigusa kipimo kimoja kwa asilimia 2, picha nzima inageuka. Kwenye hatifungani napata riba ya mbele (riba ya kipindi kijacho inayofichwa ndani ya bei za leo) iliyo hasi kati ya mwaka wa 7 na wa 9. Nibadilishe algoriti? Halafu aliyesoma pendekezo langu anasema mambo haya mawili hayakai kwenye tasnifu moja.

Hesabu256
Algoriti iache, haina kosa. Hesabu vigezo vyako: ukinzani 12 na unene 11, jumla 23, na vipimo ni 16. Hapo majibu yanayopatana na data hayana idadi, na programu imekuokotea mojawapo. Hiyo asilimia 0.4 isikufurahishe. Ukirudia kipimo kilekile shambani ukapata tofauti ya asilimia 4, basi kupatana kwa 0.4 maana yake umechora makosa ya vipimo ukayaita miamba.

Fanya hivi. Unene usiutafute, uupange mwenyewe: tabaka la kwanza mita 1, kila linalofuata liwe nene mara 1.25 ya lililotangulia, hadi upite kina cha mita 40 hivi. Tafuta logi ya ukinzani, si ukinzani wenyewe, ili usipate namba hasi. Kisha punguza jumla ya vitu viwili: tofauti kati ya hesabu na vipimo, kila moja ikigawanywa kwa kosa lake na kupigwa mraba, ukijumlisha λ (namba unayoichagua, inayoamua ulaini wa picha) mara mraba wa tofauti kati ya tabaka na jirani yake. Anza na λ kubwa, mfano 1000, igawanye kwa 2 kila mzunguko, usimame pale sehemu ya kwanza inapofika karibu na 16, yaani idadi ya vipimo vyako. Ukiendelea kushuka zaidi ya hapo unarudi kulekule kwa ohm-mita 3.

KisimaKirefu
Nakubaliana, ila λ haiponyi data mbovu. Kwa AB/2 ya mita 100 na MN/2 ya mita 10, kizidishi ni π(100² − 10²)/(2×10), karibu 1,555. Ardhi ikiwa ohm-mita 200 na ukituma miliampia 100, unasoma milivolti 13 hivi. Kosa la milivolti 1 tu ni asilimia 8! Kwa hiyo usiweke asilimia 4 kwa vipimo vyote: vya mbali vipe kosa kubwa zaidi, la sivyo mwisho wa mchoro utavuta matabaka ya chini kwenda kusikostahili.

Marram kavu (udongo mwekundu wa changarawe) ni adui. Mwagia vigingi vya A na B maji ya chumvi, vipigilie vizuri, na urudie kusoma hadi namba itulie. Kila unapopanua MN, rudia angalau AB/2 mbili kwa MN zote mbili, vipande vikipishana ujue kuna kitu juu juu karibu na M au N. Seng'enge na bomba la chuma sambamba na waya wako vinaharibu kila kitu.

Na hata data ikiwa safi, kuna kitu hakuna hesabu itakayokipa. Tabaka linalopitisha umeme likibanwa kati ya mawili yenye ukinzani mkubwa, unachopata ni unene ukigawanywa kwa ukinzani. Mita 10 za ohm-mita 50 na mita 5 za ohm-mita 25 zote zinatoa 0.2, na mchoro wake unakaribia kuwa mmoja. Kwenye miamba yetu ya kale iliyooza juu, la kwanza linaweza kuwa mchanga wenye maji na la pili udongo wa mfinyanzi usiotoa hata debe. Pima pia karibu na kisima cha jirani chenye kumbukumbu ya uchimbaji, ufunge unene kwa hiyo kumbukumbu.

BondiNaBili
Upande wa hatifungani kabla ya hesabu angalia kodi. Riba ya hatifungani za serikali hukatwa asilimia 20, lakini zilizotolewa kwa miaka 10 au zaidi hukatwa 10. Sasa hatifungani ya miaka 15 iliyobakiza miaka 4 na ya miaka 5 iliyobakiza miaka 4 haziwezi kulala kwenye mstari mmoja kabla ya kodi. Ukizilazimisha, hesabu inajipinda kutafuta njia, na riba hasi huenda inatoka hapo. Zidisha kuponi (malipo ya riba ya kila kipindi) kwa 0.8 au 0.9 kwanza, halafu fanya hesabu kwa malipo yaliyobaki. Bei zote ziwe za siku moja, na hatifungani ambayo haijauzwa wiki kadhaa iondoe.

Ukitaka njia fupi, tumia fomula ya mchoro wa riba ya Nelson na Siegel (1987): vigezo vinne tu, kimoja kikiwa τ, kinachoamua nundu ya mchoro ikae muda gani. Usivitafute vyote kwa pamoja, τ huvuruga. Shika τ, tafuta vitatu vilivyobaki, rudia kwa τ kutoka 0.5 hadi 8, chagua inayofaa. Nundu ya mchoro huja karibu na muda wa 1.79τ, hivyo τ ya 8 inaweka nundu kwenye mwaka wa 14, ambako hatifungani zako ni chache.

Hesabu256
Hapo ndipo jibu la msomaji wako lilipo. Ukiacha Nelson na Siegel, gawa muda kuwa vipande vya nusu mwaka, kila kimoja na riba yake ya mbele, na utumie λ ileile na matriksi ileile ya tofauti za jirani. Kinachobadilika ni matriksi ya mabadiliko, inayoonyesha kila bei inavyosogea riba ya kipande ikisogea: bei hushuka kwa urefu wa kipande mara jumla ya malipo yote yanayokuja baada yake, yakiwa yamepunguzwa kwa thamani ya leo. Kwa kipande malipo yanapoangukia katikati, hesabu sehemu yake tu. Kosa la kila bei ligawanywe kwa uzito wa muda wake (kwa Kiingereza duration, yaani bei inavyoitikia riba), vinginevyo hatifungani ndefu zitatawala.

Kalamu_Wandegeya
Asanteni sana. λ naweza kuichagua kwa kuficha kipimo kimoja kimoja na kuona kinavyotabirika?

KisimaKirefu
Ardhini hapana. Vipimo vya MN moja hukosea pamoja, kwa hiyo ukificha kimoja jirani zake wanakisaliti na unapata λ ndogo mno. Baki na ile ya 16.

BondiNaBili
Kwenye hatifungani inavumilika, ila ficha kundi zima la muda wa karibu, mfano zote za kati ya miaka 4 na 6. Na ukijaribu kwa data ya kubuni, itengeneze kwa vipande tofauti na utakavyotumia kuitatua. Ukitumia vilevile utapata jibu zuri kila siku, na mtahini ataliona.