Maongezi ya dakika 90 kabla ya onyesho la muziki wa jadi wa Ireland: niyaandaeje?

Mratibu
Ndugu zangu, salaam. Jumuiya yetu ya watu wa mataifa mbalimbali tunaoishi ughaibuni imekata tiketi za onyesho la muziki wa jadi wa Ireland, nami nimekabidhiwa kuandaa maongezi ya dakika 90 katika chumba kilicho jirani na ukumbi. Wenzetu waliotoka Ireland ni wawili tu, na mmoja wao hupiga fidla; sisi wengine muziki huu tunausikia kwa mbali. Nisingependa muda huo uishie katika kubadilishana namba za simu, wala nisingependa kuwachosha watu kwa mhadhara. Je, ni adabu kumwomba mwenzetu atupigie kidogo?

Mwanafidla
Ndugu Mratibu, jambo unaloliandaa liko ndani kabisa ya historia ya muziki wenyewe. Mkusanyiko wa kwanza wa dansi kuitwa kwa jina la céilí ulifanyika London mwaka 1897, ukiandaliwa na watu wa Ireland waliokuwa wakiishi huko, yaani wahamiaji kama sisi. Tena Francis O'Neill, mzaliwa wa Cork aliyepanda cheo hadi kuwa mkuu wa polisi wa Chicago, alizikusanya tuni, yaani vipande vifupi vya muziki, kutoka kwa wahamiaji wenzake na mwaka 1903 akachapisha kitabu chenye tuni 1,850, ambacho wapigaji wanakirejea hadi leo. Wasimulie wageni wako hilo moja, kisha waache waongee.

Kuhusu mwenzetu wa fidla, mwombe mapema na faraghani, ili akitaka kukataa akatae bila kuona haya. Akikubali, msimgeuze pambo la kusindikiza vinywaji. Watu waache kuongea, wamsikilize, kisha waendelee na mazungumzo yao.

Bi. Sauti
Naunga mkono, na ningeongeza zoezi moja la dakika tano. Tuni nyingi zina sehemu mbili, kila moja ina mizani (yaani mafungu ya mapigo) minane na hurudiwa, hivyo mzunguko mzima ni mizani 32. Mwombe mpiga fidla apige jigi, aina mojawapo ya tuni za dansi, taratibu huku watu wakihesabu kwa vidole juu ya meza, moja-mbili-tatu, nne-tano-sita. Halafu apige rili, aina nyingine ya tuni ya dansi, ambayo huhesabiwa kwa nne. Wakishaizoea tofauti hiyo, mwombe aunganishe tuni mbili bila kusimama, nao wanyooshe mkono pale wanapohisi tuni imebadilika. Mimi nilifanyiwa hivyo miaka kadhaa iliyopita, na usiku ule ukumbini, tuni ya pili ilipoingia na wenyeji wakapiga kelele za furaha, nilijua wanashangilia nini. Kabla ya hapo nilidhani ni wimbo mmoja mrefu usio na mwisho.

Waeleze pia kuhusu bodhrán, ile ngoma bapa ya ngozi, aghalabu ya mbuzi. Watu wengi huukodolea macho mkono wenye kijiti, ilhali mkono wa pili, ulio nyuma ya ngozi, ndio unaoikaza na kuilegeza hata sauti ikapanda na kushuka.

Mzee wa Pembeni
Mimi nasisitiza ukimya tu. Huenda pakawa na mwimbaji wa sean-nós, uimbaji wa kale wa lugha yao usiosindikizwa na ala, na hapo hata kunong'ona ni kumkosea mwimbaji. Wageni walijue hilo kabla hawajaingia.

Mratibu
Nawashukuru sana. Viti nitavipanga kwa duara, meza ya vinywaji nitaisogeza karibu na mlango, na mpiga fidla nitazungumza naye leo jioni tukiwa wawili tu. Akikubali, nitampa dakika 15 za katikati, wakati watu watakuwa wameshafahamiana na bado hawajaanza kutazama saa.