Pipa ni lilelile, bei ni mpya: hii "bei ya kisiwani" tumechoka nayo

Wakuu, leo mnivumilie, adabu nimeiacha gatini. Nimerudi nyumbani sasa hivi na madumu yangu matatu ya petroli. Niliondoka na hela ya kuyajaza yote kwa bei ya Ijumaa. Leo ni Jumatatu. Hela ileile imejaza mawili, la tatu halikufika hata nusu.

Nikauliza kulikoni. Muuzaji hata hakuinua uso: "Bei imepanda huko duniani kaka, sisi tufanyeje?"

Huko duniani! Sasa sikilizeni. Pipa alilokuwa ananichotea nalijua kama ninavyolijua kasia langu. Lina bonde ubavuni na mstari wa rangi nyeupe uliopinda. Nalijua kwa sababu wiki tatu zilizopita nilikuwa mmoja wa watu wanne tuliolitoa kwenye chombo. Tulilaza matairi mawili chakavu mchangani ili likidondoka lisipasuke, likatuponyoka, likagonga jiwe, ndiyo hilo bonde. Tukaliviringisha hadi bandani. Mafuta yaliyomo yalishanunuliwa, yakasafirishwa, yakalipiwa ushuru, yakafungiwa kizibo. Tangu siku ile halijatoka bandani. Dunia imepandaje ndani ya pipa lililofungwa?

Na bei ya dunia ikishuka, mnajua tutaambiwa nini. "Bado tunauza stoki ya zamani." Yaani mafuta yakipanda, stoki ya zamani haipo, yakishuka, stoki ya zamani haiishi. Mnakumbuka Aprili 2020? Tarehe 20 ya mwezi ule bei ya mikataba ya kuuziana mafuta ghafi ya Marekani ilianguka hadi chini ya sifuri. Mwenye mafuta alikuwa radhi amlipe mtu ayachukue, kwa sababu watu walikuwa wamejifungia ndani na matangi yamejaa. Sidai kwamba tulistahili petroli ya bure, mafuta ghafi ya siku moja sokoni si petroli ya kwenye dumu, hilo naelewa. Lakini kwetu bei haikutikisika hata kidogo. Dunia ile ile ambayo leo imefika bandani kwa siku tatu, mwaka ule ilipotea njia.

Najua mtakuja na wimbo wenu: ndugu yangu, ni bahari, usafiri ghali. Ngojeni. Bahari naijua kuliko aliyeniambia hivyo. Nimekwenda bara kufuata mafuta mara nyingi tu, na kila safari naandika kwenye daftari.

Boti tunayotumia ina injini ya nyuma ya nguvu za farasi 40, ile ya zamani ya kuchanganya petroli na oili. Ukiifungulia mpaka mwisho inakula kama lita 15 kwa saa. Kwenda saa mbili, kurudi saa mbili, hizo ni lita 60. Tunarudi na madumu 20 ya lita 20, yaani lita 400. Gawanyeni wenyewe: kila lita 100 tulizoleta zimegharimu lita 15 njiani. Ongeza oili, moja kwa hamsini, mililita 400 kwa kila dumu tulilochoma. Ongeza ujira wa nahodha na msaidizi wake, ushuru wa gati huku na kule, na akiba ya kutengenezea injini, maana itaharibika. Halafu jilipe faida nono bila aibu. Hesabu hii nimeipiga mara tatu, mara ya mwisho nikiwa na mke wangu, ambaye kwenye mambo ya hela hana huruma na mtu. Kila mara tunaishia palepale: bei ya bara na theluthi yake juu. Kisiwani tunauziwa karibu mara mbili ya bei ya bara.

Na hiyo njia yetu ndiyo ya hovyo kuliko zote. Injini ya kizamani ya mipigo miwili kama yetu inaweza kutema karibu robo ya petroli yake bila kuiunguza, inatoka na moshi na kuishia majini, ile ngozi ya rangi rangi mnayoiona ikielea nyuma ya boti. Tena ni hatari. Lita 400 ni kilo kama 300 za kitu kinachotafuta cheche, na wewe umekaa juu yake katikati ya maji ukimwangalia mwenzako asije akatoa sigara. Chombo kikubwa kinachobeba mapipa 50 kwa safari moja kinatakiwa kimshinde kila mtu wa madumu kwa gharama ya lita. Mbona basi tunaobeba madumu ndio tunaopata petroli rahisi kuliko ile ya bandani?

Kwa hiyo bahari nimeipa haki yake. Theluthi ni ya bahari. Inayobaki ni ya nani?

Ni ya mwenye mahali pa kuyaweka. Hilo ndilo ambalo watu wa bara hawalioni, kwa sababu kwao matangi yapo kila kona na wakikosana na sheli hii wanavuka barabara. Kwenye kisiwa kidogo hakuna barabara ya kuvuka. Mwenye banda, au tangi, au kile kiwanja kilichozungushiwa ukuta karibu na gati, ndiye serikali ya mafuta. Hata ukija kesho na meli nzima ya petroli ya bei ya kutupa, utaimwaga wapi? Na kwa kuwa mahali pa kuyaweka ni padogo, mafuta yanakuja kidogo kidogo, na kinachokuja kidogo kidogo kinakuja kwa gharama kubwa. Bahari ikichafuka siku tano tu, banda limekauka, na chombo cha kwanza kikifika kila mtu yuko tayari kulipa chochote. Ulanguzi hauhitaji akili nyingi hapo. Unahitaji kufuli tu.

Msidhani ni wivu wangu. Kwenye visiwa vya magharibi mwa Scotland watu walilia kilio hiki hiki miaka mingi wakiambiwa ni umbali, ni umbali. Wasimamizi wa ushindani wa Uingereza walipochunguza, walichokikuta ni msambazaji mmoja aliyekuwa amevifunga vituo vya mafuta kwa mikataba ya miaka mingi na kushikilia hifadhi ya bandarini. Mwaka 2014 alikubali masharti: vituo viruhusiwe kujitoa kwenye ile mikataba, na mshindani apewe nafasi ya kutumia matangi. Umbali ulikuwepo, ndiyo, na upo mpaka leo. Lakini umbali haujawahi kumsainisha mtu mkataba.

Tuje kwenye kipimo, maana hapa ndipo damu inanichemka. Petroli inapochotwa kwa debe inatoa povu. Muuzaji mwema anasubiri povu likae, kisha anajazia. Wetu anakata povu likigusa alama. Na joto nalo ni mwizi wa pili: petroli hutanuka, pipa la lita 200 likiongezeka joto kwa nyuzi 15 linakuwa kama limezaa lita 3 ambazo hakuna aliyezileta. Bati la banda halina dari. Mchana wa jua kali unanunua joto kwa bei ya petroli. Nendeni asubuhi, hilo nawapa bure.

Maji je? Pipa likikaa nusu kwa wiki kadhaa, unyevu wa hewani unageuka matone kwenye kuta za ndani usiku na kudondokea chini. Maji ni mazito kuliko petroli, yanakaa kitakoni, na anayefika mwisho ndiye anayeuziwa. Mwaka jana injini ilinizimikia karibu na mwamba, mawimbi yananisukuma ubavu. Nikafungua kikombe cha kabureta, nikakimimina kiganjani. Matone ya maji yakawa yanakimbizana ndani ya petroli kama shanga. Nikarudisha, nikavuta kamba, ikakohoa, ikazima. Mara ya saba ndipo ikawaka. Niliporudi na kulalamika nikaambiwa labda ni dumu langu. Sawa, labda. Dumu lililokuwa limekauka juani siku nzima.

Mafuta yakipanda hapa yanapanda na kila kitu. Jenereta la umeme ni dizeli, pampu ya maji ni dizeli, barafu ya samaki inatengenezwa na umeme uleule wa dizeli. Mvuvi anahesabu lita kabla ya kuhesabu samaki, siku nyingine anaona heri alale. Na mgonjwa akizidiwa usiku, swali la kwanza halimhusu mgonjwa. Ni "nani ana mafuta?" Kofia inapitishwa mlango kwa mlango, huyu lita mbili, yule lita tatu, na mama amelala kwenye mkeka gatini akisubiri hesabu itimie. Nimeshika ile kofia. Sitaki kuiongelea zaidi.

Kuna watakaosema hakuna la kufanya. Uongo. Uingereza, tangu 2012, muuza mafuta wa visiwa vya mbali, kule Hebrides, Orkney, Shetland na Scilly, anarudishiwa ushuru wa peni 5 kwa kila lita ili apunguze kwa mnunuzi. Azores, visiwa vya Ureno katikati ya Atlantiki, serikali ya visiwa inaweka bei ya juu kabisa na hakuna kuivuka. Indonesia, yenye visiwa zaidi ya 17,000, Rais Joko Widodo mwaka 2016 alitangaza bei moja ya mafuta nchi nzima, na kampuni ya mafuta ya taifa ikabebeshwa mzigo wa kuyafikisha, kwingine hadi kwa ndege. Sisemi huko ni peponi. Bei moja ina gharama yake na kuna mtu anailipa. Na punguzo la ushuru likitolewa bila mtu wa kuangalia bei anayotozwa mnunuzi kwenye mpira wa kujazia, linaishia mfukoni mwa mwenye kufuli, sisi tunasoma tangazo tu. Ndiyo maana mimi siombi ruzuku kwanza.

Ninachotaka ni kidogo mno, mpaka naona haya kukiandika. Karatasi moja ibandikwe mlangoni: mzigo umenunuliwa kwa kiasi gani, lini, nauli kiasi gani, ushuru kiasi gani, faida kiasi gani. Mzigo mpya ukija, karatasi mpya. Bei isibadilike juu ya pipa la zamani. Kisha tangi la pamoja, la kijiji au la ushirika, hata dogo, ambalo yeyote mwenye mafuta anaweza kulipia nafasi na kuuza. Na chombo cha kupimia kilichokaguliwa, chenye muhuri, siyo debe la mjomba.

NAHARIRI: Naona mmejaa. Aliyeandika "hamieni bara", asante kwa ushauri. Samaki unaowala bara nao wahamie?

NAHARIRI 2: Kwa aliyesema tuweke sola tuachane na mafuta: kwenye umeme nakuunga mkono kwa asilimia zote. Tokelau, visiwa vidogo vya Pasifiki, walijenga sola mwaka 2012 na umeme wao karibu wote ukawa wa jua. Ila boti haziendeshwi na paa la nyumba. Siku utakayoniuzia injini ya umeme ya kunifikisha bara na kunirudisha na mzigo, kwa bei ya mvuvi, nitakuwa wa kwanza kwenye foleni.

NAHARIRI 3: Mtu wa bandani ameuona uzi huu, amenitumia ujumbe, anasema namharibia biashara na kwamba lile pipa si lile. Kaka, bonde lina upana wa kiganja changu, na kuna alama ya kucha ya nanga chini ya mstari mweupe. Chombo kinaingia Alhamisi. Nitakuwa gatini na daftari na chaki, kila pipa likishuka naliandika tarehe ubavuni. Wenzangu wawili wamekubali kuja. Wa visiwa vingine, tafadhali andikeni hapo chini: bei ya kwenu ni mara ngapi ya ile ya bara, na mwenye matangi ni mmoja au wangapi.