Kakatia NDIMU. Kisu changu cha joka. NDIMU!!!

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka na tangu jana nimeshushia chai tu. Yule jamaa mnamjua. Msinilazimishe nimtaje. Kila aliyewahi kwenda msibani, kwenye ubarikio au sendofu hapa Atlanta anamjua: anafika kabla ya wenye shughuli, anakaa karibu na masufuria, kofia yake ni ile ile tangu nimfahamu.

Jana kaja kwangu kwenye mishkaki. Kaingia ndani eti ananawa mikono. Karudi uani na kisu changu cha joka, kile cha kwenye kabati la kioo, kakikunjua, tak!, kavuta sahani, kakatia ndimu.

Ndimu, jamani.

Kwa msiojua, na najua ni ninyi nyote: kile kisu nimekisubiri miezi 14. Fundi anakifanya mwenyewe, kwa mkono, kimoja kimoja. Mpini ni joka lililojiviringisha, limechongwa kwa mpingo. Ndiyo, mpingo wetu huu huu, ambao ukiutupa majini unazama kama jiwe, na wenzetu huku wanautengenezea klarineti. Magamba yamechongwa moja baada ya jingine. Jicho ni tanzanaiti ndogo kama punje ya ulezi. Shingoni kuna titani ya bluu inayoishia kwenye zambarau, na haijapakwa rangi hata tone: inapitishwa umeme tu, ukipandisha volti na rangi inabadilika. Kiungo kinazunguka kwenye gololi ndogo kuliko mbegu za nyanya. Kwenye hizo gololi, hivi tunavyoongea, kuna maji ya ndimu.

Ubapa ndiyo sitaki hata kuuzungumzia, ila nauzungumzia. Ni dameski. Vyuma viwili, 1084 na 15N20, vimefuliwa pamoja, vikakunjwa, vikafuliwa tena hadi vikawa tabaka juu ya tabaka. Kisha fundi anauzamisha kwenye dawa kali: chuma chenye nikeli kinabaki kinang'aa, kile kingine kinaingia weusi, na hapo unaona moshi unatoka kinywani mwa joka. Yaani ule mchoro wote ni kazi ya dawa inayokula chuma kwa vipimo. Sasa ndimu ni nini? Si ni dawa inayokula chuma? Jamaa kaketi kwenye kiti changu cha plastiki kaongezea sanaa yake!

Na hakukata akaosha. Kakiacha kwenye sahani, kimelala ndani ya maji ya ndimu, karibu saa nzima, mimi niko kwenye mkaa nageuza mishkaki. Mishkaki ya nani? YAKE. Aliagiza isiungue. Leo ubavuni kuna doa la kijivu lenye umbo la Ziwa Tanganyika. Naweza kuwaonyesha Kigoma ilipo.

Nilipomfuata akakifuta kwenye suruali, pa, pa, kama anapangusa ndizi, akaniambia mbele ya watoto wangu: "Kaka, kizuri, ila hakina makali. Kariakoo hiki elfu tatu."

Elfu tatu. Dola 1,400 zangu. Na ndimu alikata nne.

Mtoto wa Temeke: Ngoja nivute kiti. Kuna mtu ana karanga?

Mama Shughuli: Pole kaka. Ila hizo ndimu ziliwekwa mezani na nani? Na kisu cha ndimu kilikuwa wapi? Mwenye nyumba unaweka ndimu nzima nzima, mgeni azipasue kwa meno?

Chuma cha Reli: Dola 1,400 halafu hakikati ndimu. Mkuu umepigwa, na aliyekupiga si huyo mgeni.

Mwenye Joka (mleta uzi): KILIKATA! Shida yenyewe ndiyo kilikata! Kingegoma ningekuwa nimelala saa hizi.

Chuma cha Reli: Sasa yeye anasema hakina makali, wewe unasema kilikata. Kaeni chini mkubaliane kwanza, sisi tutasubiri.

Mjukuu wa Mhunzi: Tuache utani kidogo. Mleta uzi, usikisugue kwa steel wire wala dawa ya meno, utafuta mchoro wote. Kifungue kiungo, kausha, paka mafuta mepesi, mrudishie fundi akisafishe na kukizamisha upya kwenye dawa. Doa litatoka. Ile 1084 ni chuma cha kaboni, kinashika kutu hata kwa jasho la mkono. Na kama unakihifadhi kwenye ala ya ngozi, kitoe leo leo, ngozi inatunza unyevu.

Wanaocheka wajue hivi vitu vina historia. Huko Marekani dameski ilikuwa imeshasahaulika karibu kabisa, hadi mhunzi Bill Moran alipoleta visu vyake kwenye maonyesho ya chama cha watengeneza visu mwaka 1973, watu wakabaki midomo wazi. Miaka mitatu baadaye wahunzi wakawa na chama chao. Kwa hiyo si chuma cha kufungulia kopo la rangi.

Mtoto wa Temeke: Mhunzi umetoa darasa zuri sana. Swali: kinakata vitunguu?

Mwenye Joka (mleta uzi): Mhunzi asante, wewe peke yako ndiyo binadamu humu. Lakini hujaona alivyokifuta kwenye suruali. Pa, pa. Jinzi! Ina vishikizo vya chuma ile! Kila nikifumba macho namuona anaminya, maji yanateremka kwenye shingo ya joka, joka linaniangalia kwa lile jicho moja.

Kanzu Nyeupe: Wewe lako ni joka la juzi. Mimi babu yangu aliacha jambia, kalileta kutoka Muscat, ala ya fedha tupu, nakshi mpaka unaona kizunguzungu. Jambia lenyewe Waomani wameliweka kwenye bendera ya nchi. Shangazi yangu, Mungu ampe umri, analifungulia mifuko ya unga. Namuuliza shangazi vipi, ananijibu, "Si lipo karibu na jiko?"

Dada wa Tanga: Hahaha shangazi hana kosa, kitu kikikaa karibu na jiko kimeshakuwa cha jikoni. Hiyo ni sheria.

Mgeni Mwema (amejiunga leo): Nimesoma kwa makini. Mimi simo. Ila ndimu zenyewe zilikuwa tatu na si nne, na zilikuwa kavu. Na kisu kilikuwa mezani.

Mtoto wa Temeke: WEEEE

Mama Shughuli: Umejuaje zilikuwa kavu, baba?

Mgeni Mwema: Nasema tu kwa jinsi msimu ulivyo.

Mwenye Joka (mleta uzi): HAKIKUWA MEZANI! Kilikuwa kwenye kabati la kioo, kwenye kitambaa chekundu, kina taa yake! Nani duniani anachukua kisu chenye taa yake?

Chuma cha Reli: Mkuu, taa? Umekiwekea taa?

Mpishi Msomi: Mimi nina kile cha Chris Reeve, fundi visu mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia Idaho. Kimepewa jina Sebenza, Kizulu hicho, maana yake fanya kazi. Nakata nacho maboksi, kamba, embe. Hakina joka, hakina taa, na mgeni akikishika presha haipandi. Nyie wa mazimwi mnatafuta shida.

Mwenye Joka (mleta uzi): Embe! Umesema embe na huoni aibu. Lako ni jembe, langu ni kinyago. Nani aliwahi kuchukua shetani la Wamakonde pale Mwenge akatwangia vitunguu saumu?

Dada wa Tanga: Mama mkwe wangu.

Kanzu Nyeupe: Hahahaha nimemwaga kahawa.

Dada wa Tanga: Si utani. Lilikuwa dogo, zito, akasema linashika vizuri mkononi. Na si hilo tu. Kaondoka na sufuria langu la pilau, lile la mifuniko miwili, mwezi wa pili huu. Nikimpigia anasema "lipo salama." Salama wapi?

Mama Shughuli: Usinikumbushe masufuria! Mimi langu la kilo kumi lilitoka kwenye arobaini ya yule mzee wa Decatur, likaonekana kwenye ubarikio, likaonekana kwenye picha za harusi ya watu nisiowajua. Limezunguka kuliko mimi.

Mpishi Msomi: La kilo kumi lina mpini umekatika upande mmoja, umefungwa waya?

Mama Shughuli: Ndiyo! Umeliona wapi?

Mwenye Joka (mleta uzi): Wakuu, turudi kwenye mada. Alipokifuta kwenye suruali...

Mpishi Msomi: Nililiona jumamosi iliyopita, limepikiwa makande. Kulikuwa na bwana mmoja kalikalia karibu kabisa, kofia hii hapa mpaka kwenye nyusi.

Mama Shughuli: Mgeni Mwema, sufuria langu liko wapi?

Mgeni Mwema: Lipo salama.