Umekatwa kiungo, umejiajiri kwenye programu: miradi ya pembeni iendelee au ifungwe?

Kigutu Kazini:
Wadau, naomba mawazo. Nimejiajiri, naandika programu kwa wateja wa mbali. Nilikatwa mguu wa kulia, chini ya goti. Pembeni nina mradi wa chanzo huria (programu ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote) ambao haunilipi: watu wanaripoti hitilafu, wengine wanaleta marekebisho, mimi nakagua na kutoa matoleo. Sasa kliniki, mazoezi na kurekebishiwa soketi, ile sehemu ya mguu bandia inayovaliwa, vimekula zile saa za jioni na wikendi zilizokuwa za mradi. Kuna wanaoniambia niufunge nibaki na kazi inayolipa. Wengine wanasema mradi ndio utakaonirudisha mjini. Mtu wa hali yangu aking'ang'ania miradi ya pembeni anajijenga au anajimaliza? Na mteja aambiwe au asiambiwe?

Tarakimu:
Pole sana mkuu. Ila ugumu wenyewe siuoni. Programu haziandikwi kwa mguu. Kama kuna kazi inayomfaa mtu aliyekatwa mguu ni hii: unakaa, unachapa, unalipwa. Piga vyote viwili.

Bint Pointa:
"Programu haziandikwi kwa mguu." Nilijua hii itakuja. Sikujua itakuja ya kwanza.

Nusu Hatua:
Tarakimu, huko kukaa unakokuona raha ndiko kunakotuumiza. Aliyekatwa chini ya goti akikaa kutwa nzima goti limekunjwa, misuli inakakamaa, goti linagoma kunyooka, na goti lisilonyooka linasumbua kuvalia mguu bandia. Mimi nimekatwa juu ya goti, kwangu shida ni nyonga. Fizio, mtaalamu wangu wa mazoezi ya viungo, kaniamuru nilale kifudifudi kila siku ili isikakamae. Hebu nawe lala kifudifudi, utafute hitilafu kwenye msimbo wa mtu mwingine, halafu urudi hapa utuambie unakaa, unachapa, unalipwa.

Tarakimu:
Simama basi. Meza za kusimamia zipo.

Nusu Hatua:
Nisimamie nini kaka? Kigutu, kile kipande cha mguu kilichobaki, hakikai na unene mmoja. Asubuhi soketi inakamata vizuri, mchana kimenywea, soketi inapwaya, unavua, unaongeza soksi, unavaa tena. Miezi ya mwanzo ndiyo kabisa, kinasinyaa mpaka soketi nzima inabadilishwa. Ukilazimisha kusimama kwenye soketi inayopwaya unachubuka, na ukichubuka mguu unavuliwa mpaka ngozi ipone. Siku hizo ni magongo, na ukiwa kwenye magongo hata kikombe cha maji hukibebi.

Mzee Seva:
Jamani, kijana alikuwa anatia moyo tu, mbona mnamrukia? Mimi huwa namkumbuka yule profesa wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, aliyekatwa mguu kwa ajali ya gari, akajitengenezea wa umeme, leo anapanda milima kutushinda sote. Nia ikiwepo hakuna kinachoshindikana.

Pita Njia:
Unamsema Hugh Herr. Gari halihusiki. Alipotelea kwenye dhoruba ya theluji Mlima Washington, Marekani, mwaka 1982, akiwa na miaka 17, baridi ikamharibu miguu. Alikatwa yote miwili, chini ya goti. Na alikuwa mpanda miamba hodari kabla ya hapo, kwa hiyo milima hakuianzia kwenye miguu bandia.

Bint Pointa:
Ahsante. Maana mtu akikatwa kiungo tu, kabla jeraha halijafunga ameshaletewa Hugh Herr. Huyo ana maabara. Mwenzetu hapa ana mteja anayetaka toleo Ijumaa.

Mzee Seva:
Kwa hiyo waliofaulu wasitajwe? Binti, nimeshika kompyuta wengi wenu hamjazaliwa, nimeona watu wakiinuka na nimeona watu wakikaa kulalamika. Tofauti naijua.

Bint Pointa:
Mzee wangu, heshima yako iko palepale, lakini nani amelalamika? Mtu kauliza saa zake azigawe vipi. Mimi sina mkono wa kushoto, umekatwa juu ya kiwiko. Uliobaki unachapa, unashika kipanya, unafungua mlango, unafunga vifungo. Daktari alishanionya kuhusu kifundo na bega, kwa sababu unafanya kazi ya mikono miwili. Kwangu swali la mradi wa pembeni linaanzia hapo: mkono huu nikiumaliza kwa kazi isiyolipwa, inayolipwa nitaifanyia nini? Hili sijaona aliyeligusa.

Mzee Seva:
Mbona Engelbart, yule aliyebuni kipanya, aliwatengenezea watu kama nyie kibodi ya mkono mmoja tangu miaka ya 1960? Vitufe vitano tu. Teknolojia ipo, watu hawatafuti.

Bint Pointa:
Watu kama nyie.

Pita Njia:
Aisee.

Nusu Hatua:
Mzee, hapo umeteleza.

Mzee Seva:
Mnajua nilichomaanisha. Msinitafutie maneno.

Bint Pointa:
Sikutafutii, umeyaandika. Na tuzungumze hiyo kibodi basi. Haikutengenezwa kwa waliokatwa mkono. Engelbart alipoionyesha hadharani Desemba 1968 kule San Francisco, vitufe vitano vilikuwa vya mkono wa kushoto huku wa kulia ukiwa kwenye kipanya. Yaani msaada ulioniletea mimi wa mkono mmoja unataka mikono miwili. Ninachotumia ni Dvorak ya mkono mmoja, yaani mpangilio wa herufi za kibodi tofauti na ule wa kawaida, upo wa kulia na upo wa kushoto, pamoja na ile mipangilio ya kubonyeza vitufe kimoja baada ya kingine badala ya vitatu kwa mpigo. Unachukua muda kuuzoea, lakini unafanya kazi.

Mzee Seva:
Vitufe vitano peke yake vinaandika alfabeti nzima bila kipanya. Hesabu ni rahisi: vitano, ukibonyeza kimoja au kadhaa kwa pamoja, vinatoa michanganyiko 31. Kajumlishe mwenyewe.

Pita Njia:
31 ni sahihi. Lakini mabano, alama za nukuu na tarakimu ziko wapi? Huyu haandiki barua, anaandika programu. Engelbart mwenyewe kwa hizo aliongezea vitufe vya kipanya, na hapo tumerudi kwenye mkono wa pili.

Kigutu Kazini:
Naona swali langu limeota mbawa. Nirudi kwa mteja: aambiwe?

Mkataba Kwanza:
Kisheria uko pabaya. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, wa 2006, unataka mtu arekebishiwe mazingira ya kazi kadiri inavyofaa. Lakini hilo likishuka kwenye sheria za kazi, mara nyingi linamlenga mwajiri na mwajiriwa. Wewe ni mkandarasi. Siku ya soketi hakuna wa kukupa ruhusa wala wa kukulipa.

Tarakimu:
Basi aajiriwe. Simple.

Nusu Hatua:
Niliajiriwa mimi. Kila miadi ya kliniki barua, kila barua jicho la pembeni. Nikaacha. Kujiajiri hakunipi ruhusa ya mtu, lakini mchana soketi ikinishinda naivua, nalala saa moja, nafidia usiku, na hakuna ninayemweleza.

Bint Pointa:
Mimi nilimwambia mteja mmoja. Alinipa pole za kila aina, halafu kazi ngumu zikaanza kwenda kwa mwingine, "usijichoshe." Mkataba hakuuvunja, aliuacha ukakauka. Tangu hapo nasema saa zangu na tarehe zangu, basi.

Mzee Seva:
Huko ni kumficha mtu unayekula naye. Uaminifu ni uaminifu.

Bint Pointa:
Wewe wateja wako wote wanajua presha yako ya damu?

Mkataba Kwanza:
Hahaha. Kigutu, achana nao. Toza kwa kipande cha kazi badala ya saa, na tarehe uweke yenye nafasi ya siku mbovu ndani yake. Mteja ananunua toleo, hanunui mguu.

Kigutu Kazini:
Hapo nimekupata. Lakini kuna kitu bado kinanivuta kwenye mradi. Usiku mguu ambao haupo ndio unauma. Vidole vinajikunja kama mtu anavisokota, na nikipeleka mkono nakuta shuka. Saa nane usiku nawasha kompyuta nasoma ripoti za hitilafu, maumivu yanarudi nyuma kidogo. Kazi ya mteja saa hiyo siigusi, nikikosea nimekosea na hela ya mtu. Mradi unanivumilia, naweza kuacha katikati ya mstari.

Tarakimu:
Umejaribu kioo? Unakisimamisha katikati ya miguu, unatazama kivuli cha ule mzima ukiuchezesha, ubongo unaamini wote miwili ipo. Ni Ramachandran, mtaalamu wa ubongo, alikuja nacho, miaka ya 90.

Nusu Hatua:
Leo umesema la maana. Ila si kila mtu kinamsaidia, kwangu kiligoma. Aanze na fizio wake.

Tarakimu:
Sawa dada. Kigutu, hivi huo mradi wenyewe unafanya nini? Tumebishana kote huko hakuna aliyeuliza.

Kigutu Kazini:
Unasoma tarehe zilizoandikwa kwa mitindo tofauti kwenye mafaili na kuziweka katika mtindo mmoja. Kuna hitilafu ya Februari 29 imekaa wazi muda mrefu. Ukiitaka ichukue, ila usilete marekebisho bila majaribio, siyapokei.

Mzee Seva:
Kabla hatujaingia kwenye Februari, Bint Pointa bado hajanijibu kuhusu michanganyiko 31.