Niendelee na The Wheel of Time baada ya kitabu cha 7, au niruke? Naomba ushauri

Wakuu, nimemaliza kitabu cha 7 kati ya 14 vya mfululizo huu wa riwaya za fantasia wa Robert Jordan, na maoni ya wasomaji yanapingana mno.

Wapo wanaosema soma vyote kwa mpangilio. Wengine wanasema ruka cha 8 hadi cha 10, pitia muhtasari wa kila sura, kisha uingie cha 11 (2005), ambako mwendo unarudi. Kasoro ya njia hii naiona: mwisho wa kitabu cha 9 una tukio linalogusa uchawi wenyewe, na muhtasari hauwezi kubeba uzito wake. Cha 10 ndicho kinacholalamikiwa zaidi, maana sehemu kubwa inarudi nyuma kuonyesha wahusika wengine walikuwa wapi tukio hilo likiendelea. Kurasa nyingi, hatua chache.

Halafu kuna suala la mwandishi. Jordan alifariki 2007. Vitabu 3 vya mwisho (2009 hadi 2013) vilikamilishwa na Brandon Sanderson kwa maandishi aliyoyaacha. Baadhi wanadai Mat, mmoja wa wahusika wakuu, hasikiki yule yule. Hilo halinitishi, bora hadithi iliyofika mwisho.

Ninachowaza: cha 8 na 9 nisome vizima, cha 10 muhtasari tu. Mliofanya hivyo, mlipotea mlipofika cha 11? Na kile cha matukio ya awali, New Spring (2004), nikisome sasa au mwishoni kabisa? Tafadhali msitaje nani anakufa.