Ati "kazi yako kufyeka nyasi, alamu tuachie wasomi"!

Wakuu, mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa chumba cha kusimamia mtandao, kiyoyozi kinampuliza kisogoni, skrini sita mbele, tangu azaliwe hajakanyaga saiti.

Jana saa 7 usiku skrini zake zikawa nyekundu tupu. Minara tisa ya simu imezima. Kanipigia: kimbia mnara wa mwisho kule mlimani, haupokei mawimbi. Nikamwambia bosi, huo unalia tu, mgonjwa yuko kwingine. Nyekundu maana yake huduma imekatika, si kwamba tatizo limeanzia hapo. Tafuta alamu iliyotangulia kwa saa. Akanijibu kwenye grupu, watu 84 wanasoma: "Wewe kazi yako kufyeka nyasi. Alamu tuachie wasomi."

Kufyeka nyasi! Mimi, fundi wa minara!

Nimepanda boda kilomita 40, tope mpaka kwenye meno. Nafika, rektifaya, ile inayogeuza umeme kuchaji betri, inatoa volti 54, betri zimejaa, redio nzima ila upande wa pili hakuna anayeongea nayo. Nikamlazimisha asome orodha kuanzia chini. Saa 4:10, mnara mama, unaolisha mawimbi mingine minane: umeme umekatika. Saa 4:11: jenereta limegoma kuwaka. Saa 6:30: betri zinaisha. Kisha zikafika volti 43, mtambo ukavikatia vifaa umeme kuziokoa, mama akazima na watoto wanane nyuma yake. Karibu masaa matatu alamu inamwita kwa jina! Kisa ni ya rangi ya chungwa, kaipita. Halafu mimi ndiye wa nyasi. Mbele ya watu 84!

Kibuyu Kikavu: Pole mkuu. Huyo hata kwetu yupo, kabadili shati tu.

Mzee wa Busati: Ila nyasi ulifyeka au hukufyeka?

Mleta uzi: Wewe usinichokoze. Nina miaka 11 kwenye hii kazi!

Dada wa Pwani: Miaka 11 na bado unapanda boda? 😂

Ngoma Nzito: Jenereta ligome lenyewe? Semeni dizeli mmeuza.

Mleta uzi: Tenki limejaa! Betri ya kuwashia ndiyo imekufa, nimeripoti mara tatu. Anayepokea ripoti ni nani? Huyo huyo aliyeniita wa nyasi!

Fundi Waya: Afadhali wewe. Huku alamu ya mlango wazi inalia wiki nzima, mlinzi kaingiza godoro chumba cha mitambo anafuata ubaridi wa kiyoyozi. Nikisema naambiwa nina roho mbaya.

Kibuyu Kikavu: Kwetu ameingiza na kuku.

Mama Tausi: Samahanini, bando langu la wiki limeisha usiku ule mtandao umekatika. GB 2 zilikuwa zimebaki. Nani ananirudishia?

Dada wa Pwani: Hata mimi! Huduma kwa wateja nimesikilizishwa muziki dakika 20, wakakata.

Ngoma Nzito: Wewe umepata muziki? Mimi nimeambiwa nizime simu niwashe.